Viatu vya ngozi vya ofisini: namna ya kuvichagua, kuvisafirisha na kuving'arisha bila kupoteza thamani

Viatu vya ngozi vinavyovaliwa na suti, viwe vya kamba au moka, vina soko la uhakika katika miji yote ya Afrika Mashariki. Walimu, makarani, mawakili, wachungaji na mabwana harusi huvitafuta. Wengi hawawezi kununua vipya vya Ulaya, hivyo huenda Gikomba jijini Nairobi, Owino jijini Kampala au Karume jijini Dar es Salaam kutafuta vya mtumba.

Bidhaa hii ina tabia yake. Shati la mtumba likilowa litaanikwa na kupigwa pasi, na halitaonyesha tofauti. Kiatu cha ngozi kikilowa na kukaushwa vibaya hakirudi tena kilivyokuwa. Ngozi ni ngozi ya mnyama iliyotiwa dawa kiwandani ili isioze na kupewa mafuta ili ilainike. Mafuta hayo yakiisha, ngozi hukakamaa. Ikikakamaa na kukunjwa, hupasuka, na hakuna dawa ya kopo inayoziba ufa.

Makala hii inaeleza mambo ambayo mfanyabiashara na msafirishaji wanapaswa kuyajua tangu kiatu kinapochaguliwa hadi kinapofika mkononi mwa mteja.

Hasara huanzia wapi

Chukua mfano huu wa hesabu. Mfanyabiashara ananunua jozi 60 kwa shilingi 10,000 kila moja. Anatumia 90,000 kwa usafiri, ushuru na gharama nyingine. Mtaji wote ni 690,000. Akiuza kila jozi kwa 15,000 atapata 900,000, na faida yake ni 210,000.

Sasa tuseme jozi 12 zimeota ukungu au zimepasuka njiani, akalazimika kuziuza kwa 5,000 kila moja. Jozi 48 zitamletea 720,000 na zile 12 zitamletea 60,000. Jumla ni 780,000 na faida imebaki 90,000. Viatu vilivyoharibika ni moja ya tano tu ya mzigo, lakini vimekula zaidi ya nusu ya faida.

Ndiyo maana utunzaji wa viatu ni sehemu ya hesabu ya biashara. Kopo la dawa, brashi na magazeti ya kujazia ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Kuitambua ngozi halisi

Mfanyabiashara asipojua anachonunua atatunza plastiki kama ngozi, au ngozi kama plastiki. Zipo alama za kumsaidia.

Viatu vilivyouzwa mara ya kwanza katika nchi za Umoja wa Ulaya tangu 1996 hutakiwa kuwa na alama za vifaa vilivyotumika. Hupatikana kwenye kibandiko ndani ya kiatu, chini ya soli au kwenye kikasha. Ziko picha za sehemu tatu: sehemu ya juu, bitana pamoja na kiwao cha ndani, na soli. Mbele ya kila sehemu kuna alama ya kifaa:

- Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa: ngozi.
- Umbo hilohilo lenye msambamba mdogo katikati: ngozi iliyopakwa tabaka la kemikali juu yake.
- Alama ya wavu: kitambaa.
- Msambamba mtupu: vifaa vingine, kwa kawaida plastiki au mpira.

Alama hutaja kifaa kinachofikia angalau asilimia 80 ya sehemu hiyo. Hivyo kiatu chenye alama ya ngozi sehemu ya juu kinaweza bado kuwa na vipande vidogo vya plastiki.

Wengi hukosea kwenye maneno ya Kiitaliano "Vero Cuoio" yanayopigwa chini ya soli. Maneno hayo yanasema kwamba soli ni ya ngozi. Hayasemi lolote kuhusu sehemu ya juu. Mnunuzi lazima aikague sehemu ya juu peke yake.

Pasipo alama, tumia macho na vidole. Kunja kidogo sehemu ya mbele ya kiatu. Ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo laini ambayo hupungua ukiachia. Plastiki hutoa mkunjo mmoja mkali, au tabaka la juu huanza kumenyuka. Angalia pia ukingo uliokatwa, kwa mfano kwenye ulimi wa kiatu: ngozi huonyesha nyuzinyuzi, plastiki huonyesha kitambaa kilichobandikwa chini ya utando.

Mwisho, jihadhari na viatu vilivyopakwa rangi nzito ili kuficha nyufa. Pitisha kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Rangi ikitoka kwa wingi, na mikunjo ikionekana imejaa kitu kama gundi, kiatu hicho kimeshafanyiwa ukarabati wa macho tu.

Soli: sehemu inayosahauliwa

Mnunuzi anayeanza hutazama juu. Mzoefu hugeuza kiatu.

Viatu vya bei kubwa mara nyingi hushonwa kwa njia iitwayo Goodyear, iliyotokana na mashine za Marekani za karne ya 19. Ukanda mwembamba wa ngozi huzunguka kiatu kati ya sehemu ya juu na soli, na uzi huonekana juu ya ukanda huo. Faida yake ni kwamba fundi anaweza kufumua uzi, kutoa soli iliyokwisha na kushona mpya bila kuharibu sehemu ya juu. Viatu vya Northampton nchini Uingereza, kama vya Church's, kampuni iliyoanzishwa 1873, vinajulikana kwa mshono huo. Mfanyabiashara akivikuta katika gunia, asivitupe kwenye rundo la masalio kwa sababu soli imelika. Sehemu ya juu ikiwa nzima, kiatu kina maisha mengine.

Kinyume chake kipo pia. Soli nyepesi za poliyurethani huoza zenyewe kwa unyevu hata kama kiatu hakivaliwi. Kiatu kinaweza kuonekana kipya kabisa kwa sababu kilikaa kabatini miaka mingi, lakini mteja akitembea siku mbili soli inameguka kama mkate mkavu. Bonyeza soli kwa kucha ya kidole gumba na kunja kiatu kwa nguvu kiasi. Ikinata, ikitoa unga au ikionyesha nyufa ndogo, kiache. Hakuna namna ya kuiponya soli hiyo zaidi ya kuibadilisha yote.

Forodhani: usipige kiwi kabla ya mpaka

Jambo hili limewashangaza wengi. Mfanyabiashara anaona ni busara kusafisha na kung'arisha viatu vyake huko anakonunua, kuvipanga kwenye vikasha, kisha kuvuka navyo. Kwa utaratibu wa forodha, anaweza kuwa anajitia matatani.

Katika mfumo wa kimataifa wa namba za ushuru, mtumba wa nguo na viatu umo chini ya namba 6309. Ili viatu vihesabiwe humo, masharti mawili lazima yatimie kwa pamoja. Kwanza, viwe na dalili za wazi za kuvaliwa. Pili, viletwe kwa wingi bila kufungashwa, au vikiwa katika marobota, magunia au vifungashio vya aina hiyo. Viatu vilivyong'arishwa vikafanana na vipya, na kupangwa jozi kwa jozi kwenye vikasha, vinaweza kukataliwa namba hiyo na kuhesabiwa kama viatu vya kawaida. Viatu vyenye sehemu ya juu ya ngozi vina namba yao, 6403, na ushuru wake huhesabiwa kwa njia nyingine.

Kosa la upande wa pili ni kuchanganya viatu vipya ndani ya magunia ya mtumba ili vipite kwa namba 6309. Hiyo ni taarifa ya uongo, na ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Mzigo wote unaweza kuzuiwa kwa sababu ya jozi chache.

Wafanyabiashara wadogo wanaovuka Namanga, Busia, Mutukula au Holili wakumbuke pia kwamba cheti rahisi cha uasili, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni kwa ajili ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Viatu vipya vilivyotengenezwa Kenya, Tanzania au Uganda na kutimiza masharti ya uasili vinaweza kunufaika. Mtumba hauwezi, hata kama umenunuliwa Nairobi au Kampala, kwa sababu asili yake ni nje.

Viwango vya ushuru wa mtumba vimekuwa vikibadilika. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuupunguza mtumba hatua kwa hatua ili kuvipa nafasi viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mtumba mwaka huohuo kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nchi hiyo nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kwa hiyo kabla ya kulipia mzigo, muulize wakala wa forodha kiwango cha nchi unakokwenda. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda huanza mwaka wa bajeti Julai 1, na mabadiliko mengi huanza siku hiyo.

Dawa na vifaa navyo vina namba zake: dawa na krimu za viatu ni 3405, brashi ni 9603, na kalibu za mbao za kuweka ndani ya viatu ni 4417. Visiandikwe kama "vifaa vya viatu" kwa jumla.

Safarini na stoo

Adui wa ngozi barabarani ni maji, joto, mgandamizo na harufu. Dereva na utingo wakielewa haya manne, mzigo utafika salama.

1. Viatu vikauke kabla ya kufungwa. Gunia la plastiki halipumui. Jozi chache zenye unyevu zikifungwa humo zitaambukiza ukungu gunia zima.

2. Jaza karatasi ndani ya viatu vya bei. Karatasi huzuia kiatu kubonyea na hunyonya unyevu. Kwa viatu vyenye bitana nyeupe au ya rangi nyepesi tumia karatasi isiyo na maandishi, kwa sababu wino wa gazeti huhamia kwenye bitana.

3. Funga jozi pamoja kwa kamba zake, soli zikiangalia nje. Kiatu kimoja kikipotea wakati wa ukaguzi, kilichobaki hakina thamani.

4. Magunia ya viatu vya ngozi yakae juu ya mzigo. Kiatu kilichobonyezwa kisigino kwa siku tatu chini ya magunia ya mahindi hakinyooki chenyewe.

5. Usipakie pamoja na mafuta ya taa, dizeli, samaki wakavu, mbolea wala saruji. Ngozi hushika harufu na kuitunza. Vumbi la saruji likikutana na unyevu huunguza uso wa ngozi.

6. Turubai lifungwe hata kama anga ni jeupe. Foleni ya mpakani haina saa, na mvua ya usiku mmoja inatosha.

7. Makopo ya dawa ya viatu yatengwe. Yana viyeyushi vinavyoshika moto haraka. Yasikae karibu na injini, na mtu asivute sigara yanapopakuliwa.

Kwa mizigo ya kontena, tatizo kubwa ni jasho la kontena. Mchana bati hupata joto na unyevu hupanda hewani. Usiku bati hupoa, na unyevu hugeuka matone yanayoangukia mzigo kutoka darini. Kuweka mbao chini ya mzigo, kufunika juu kwa makaratasi magumu na kutundika mifuko ya kunyonya unyevu hupunguza madhara.

Kuhusu vipakiti vya kuzuia ukungu, mnunuzi awe mwangalifu. Vya silika hunyonya unyevu tu na havina tatizo. Lakini viwandani kulitumika pia vipakiti vya kemikali iitwayo daimethili fumareti, ambayo iliwaunguza ngozi watu wengi Ulaya waliovaa viatu au kukalia makochi yaliyowekewa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bidhaa zenye kemikali hiyo mwaka 2009. Kipakiti kisicho na maandishi kitupwe, na viatu vipewe hewa kabla ya kuuzwa.

Stoo za pwani zinahitaji uangalizi zaidi kuliko za bara. Hewa ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Viatu vilivyokaa vizuri Arusha au Nakuru miezi miwili vinaweza kuota ukungu ndani ya wiki mbili vikifika pwani. Viwekwe kwenye rafu, mbali na ukuta na sakafu, dirisha likifunguliwa mchana.

Viatu vikilowa

Hapa ndipo viatu vingi hufa, na vinauawa na haraka. Mtu anavianika juani, anaviweka kando ya jiko la mkaa au juu ya boneti ya gari. Ngozi yenye maji huungua kwa joto dogo sana kuliko ngozi kavu. Nyuzi zake hujikunyata na kugandana, na kiatu hupungua saizi na kuwa kigumu kama ubao.

Utaratibu sahihi ni huu:

1. Futa maji na matope kwa kitambaa laini. Usisugue matope makavu kwa nguvu.
2. Toa kamba na kiwao cha ndani kama kinatoka.
3. Jaza karatasi bila kukaza. Badilisha kila baada ya saa chache siku ya kwanza.
4. Laza kiatu ubavu ili soli ipate hewa. Soli ya ngozi ikikalia sakafu haikauki.
5. Acha kivulini penye upepo siku moja hadi mbili.
6. Kikikauka, paka krimu ya ngozi kabla ya kukivaa au kukikunja. Maji yanapotoka huacha nyuzi zikiwa kavu, na mkunjo wa kwanza ndio unaopasua.

Ukungu na madoa ya chumvi

Ukungu mweupe au wa kijani hutolewa nje ya jengo, kwa sababu mbegu zake huruka na kutua kwenye viatu vingine. Brashi ya kazi hiyo isitumike kwa kazi nyingine. Futa kwanza kwa brashi kavu, kisha pitisha kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza sehemu iliyojificha kuona kama rangi inatoka. Usisahau ndani ya kiatu. Kausha kivulini, kisha paka krimu.

Madoa meupe yenye umbo la mawimbi kuzunguka pua ya kiatu ni jambo jingine. Wakati wa baridi, barabara za Ulaya na Amerika Kaskazini humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Chumvi hiyo huingia katika ngozi na hupanda juu kila kiatu kinapopata unyevu. Muuzaji akipiga kiwi juu yake, doa hurudi baada ya siku chache na mteja naye atarudi. Tumia mchanganyiko uleule wa siki na maji. Futa kiatu chote, si doa peke yake, kisha pitisha kitambaa chenye maji safi na ukaushe. Wakati mwingine ni lazima kurudia mara mbili au tatu.

Dawa za viatu na kazi zake

Katika miji mingi ya kwetu dawa yoyote ya viatu huitwa kiwi. Jina hilo ni la chapa iliyoanza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906. Mwanzilishi wake, William Ramsay, aliichagua kwa heshima ya mkewe aliyetoka New Zealand. Ilienea duniani kupitia askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini dawa za viatu si kitu kimoja, na kuzichanganya ni chanzo cha makosa.

Krimu ya kulisha ngozi. Haina rangi au ina rangi kidogo. Kazi yake ni kurudisha mafuta. Haing'arishi sana, lakini ndiyo inayozuia kupasuka.

Krimu ya rangi. Ni laini na mara nyingi huuzwa katika chupa ya mdomo mpana. Ina maji, mafuta, nta na rangi. Hurudisha rangi iliyopauka na hulainisha kiasi.

Dawa ngumu ya kopo. Sehemu kubwa ni nta, kama nta ya nyuki na nta ya karnauba itokanayo na mti wa jamii ya mitende wa Brazil, iliyoyeyushwa kwa tapentaini au kiyeyushi kingine cha jamii hiyo. Hukaa juu ya ngozi, hung'aa na huzuia maji kidogo. Hailishi ngozi. Kiatu kinachopakwa dawa hii peke yake mwaka mzima kitang'aa hadi siku kitakapopasuka.

Dawa ya maji yenye sponji. Huacha utando unaong'aa papo hapo. Inafaa kwa dharura. Ikirudiwa kila siku utando huwa mnene, hushika vumbi na kupasuka kwenye mikunjo.

Hatua za kung'arisha

Kazi hii hufanyika baada ya mzigo kuvuka mpaka na kufika dukani. Vifaa ni vichache: brashi mbili, moja ya kupakia na moja ya kung'arishia, yenye nywele za farasi ikipatikana; vitambaa vya pamba, kwa mfano fulana kuukuu; krimu na dawa ya kopo. Kila rangi iwe na brashi yake ya kupakia. Brashi ya dawa nyeusi ikigusa kiatu cha kahawia, doa halitoki kirahisi.

1. Toa kamba. Ulimi wa kiatu ndiko vumbi hujificha.
2. Piga brashi kavu kuondoa vumbi, hasa kwenye mshono kati ya soli na sehemu ya juu. Mchanga ukibaki hapo hukata uzi.
3. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Kama kiatu kina tabaka nene la dawa ya zamani, tumia sabuni ya ngozi na maji kidogo, kisha acha kikauke kabisa.
4. Paka krimu ya kulisha, kiasi cha punje ya harage kwa kila kiatu. Sugua kwenye mikunjo. Kwa viatu vilivyokauka sana, acha usiku mzima na urudie kesho yake.
5. Paka krimu ya rangi. Rangi ikiwa na shaka, chagua iliyopauka zaidi kuliko kiatu. Kukoleza ni rahisi, kupausha ni vigumu.
6. Subiri dakika kumi, kisha piga brashi kwa haraka na wepesi.
7. Paka dawa ya kopo kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye vidole viwili, tabaka jembamba. Subiri dakika tano, piga brashi.
8. Kwa kiatu cha bei, ongeza kioo kwenye pua na kisigino tu. Dondosha tone la maji, paka dawa kidogo sana kwa mizunguko midogo, rudia hadi uone sura yako. Usifanye hivyo pale kiatu kinapokunjika, kwa sababu nta ngumu itapasuka na kuacha mistari myeupe.
9. Maliza kwa kusugua ukingo wa soli na kisigino, kisha rudisha kamba safi. Kamba mpya ni nafuu, na mteja huiona kabla ya kitu kingine.

Ngozi ya swedi, yenye malaika kama mahameli, haipakwi krimu wala dawa ya kopo. Husafishwa kwa brashi yake maalumu, na madoa makavu hufutwa kwa raba ya penseli.

Makosa ya kila siku

Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando. Hung'arisha kwa saa chache, kisha hushika vumbi. Ya kupikia huchacha na kutoa harufu.

Mafuta ya taa au petroli kuondoa madoa. Huondoa doa pamoja na rangi na mafuta ya ngozi.

Kufua viatu kwa sabuni ya unga. Sabuni hiyo ni kali, na bitana hubaki na unyevu siku nyingi.

Kupaka dawa nyingi. Tabaka tatu nyembamba hushinda tabaka moja nene.

Cha kumwambia mteja

Muuzaji anayemweleza mteja namna ya kutunza kiatu hupunguza malalamiko na hupata mteja wa kudumu. Maneno machache yanatosha: asivae jozi moja siku mbili mfululizo, kwa sababu jasho la mguu huhitaji siku nzima kukauka, afungue kamba kabla ya kuvua, asikanyage kisigino, afute vumbi kila jioni, apake krimu mara moja au mbili kwa mwezi, na ampelekee fundi kisigino kikiwa kimelika robo, asisubiri kiishe. Kama muuzaji ana makopo ya krimu na brashi pembeni, hiyo ni mauzo ya pili kwa mteja yuleyule.

Kwa ufupi

- Kagua juu, geuza chini, bonyeza soli.
- Vusha mtumba ukiwa mtumba, ndani ya magunia. Usafi na kung'arisha ni baada ya forodha.
- Ngozi iliyolowa ikauke kivulini. Jua na moto haviharakishi, vinaharibu.
- Krimu kwanza, nta baadaye.
- Ukungu na chumvi viondolewe, visifunikwe kwa dawa.
- Thibitisha ushuru na wakala kabla ya kulipia mzigo, hasa karibu na Julai.